Kompyuta ya Gemu Iliyoungwa Tayari: Namna ya Kuichagua Ukiwa Dodoma

Ukiingia duka la kompyuta hapa Dodoma ukasema unatafuta mashine ya gemu, swali la kwanza utakalopigwa nalo ni: "Unataka i5 au i7, bosi?" Hayo ni majina ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Usilijibu. Linamsaidia muuzaji, halikusaidii wewe, kwa sababu i7 ya mwaka 2013 na i7 ya juzi zinabeba jina moja na ni vitu viwili tofauti kabisa. Mashine ya gemu inapimwa kwa mambo ambayo mara nyingi hayaandikwi kwenye tangazo: kadi ya picha kwa jina lake kamili, pawasaplai inayoilisha, na kasha kama linapitisha hewa na linakubali kifaa kibadilishwe kesho na keshokutwa. Kwa mji wetu wenye kiangazi kirefu cha vumbi na umeme unaochezacheza, naongeza la nne: wati. Mashine ya wati chache iliyoungwa vizuri itakaa nyumbani kwako muda mrefu kuliko dubwana la taa za rangi lililofungwa pawasaplai ya bei ya kutupa.

Nazungumza na mtu anayenunua mashine nzima, mpya au ya mtumba. Kuunga mwenyewe kuna raha yake, ila ukiwa Dodoma unaweza kupata prosesa leo, madabodi yake (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ukaisubiri itoke Dar, na ikifika ukagundua haziendani.

1. Anza na gemu na skrini

Chukua karatasi, andika gemu tatu au nne mtakazocheza kweli nyumbani. Usiandike zile za kutazama YouTube. Nyumba nyingi zinaishia kwenye mpira (eFootball au FC), GTA V, Valorant au Fortnite, na moja ya magari. Orodha ya namna hiyo haihitaji mashine ya kutisha. Kwa FC 24, watengenezaji wanataja GTX 1050 Ti ya GB 4 au RX 570 kuwa kiwango cha chini, ram (kumbukumbu ya kazi) GB 8, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kila gemu ina ukurasa wake unaoonyesha mahitaji. Soma sehemu ya yanayopendekezwa; yale ya chini yanakuhakikishia tu kwamba gemu itafunguka.

Kisha skrini. Kama unayo monita ya inchi 24 ya 1080p (ile ya HD kamili), au utachomeka TV ya sebuleni, kadi ya daraja la kati inatosha na chenji inabaki. TV nyingi za nyumbani zinaonyesha fremu 60 kwa sekunde. Ukinunua kadi inayotoa 150 umelipia fremu 90 usizoziona. Ukitumia TV, ingia kwenye mipangilio yake uwashe hali ya gemu. Usipofanya hivyo utabonyeza kupiga shuti na mchezaji atapiga wakati beki ameshafika.

2. Dai jina lote la kadi ya picha

"Ina grafiksi ya GB 4." Hilo si jibu. Ipo GT 730 yenye GB 4, kadi iliyotoka 2014 kwa ajili ya kuonyesha picha kwenye skrini tu, na watu wanauziwa kila siku kama kadi ya gemu. Ukubwa wa kumbukumbu hauisemi nguvu ya kadi. Unataka herufi na namba zote: GTX au RTX (za NVIDIA) au RX (za AMD), namba tatu au nne, na kiambishi cha mwisho kama kipo, maana GTX 1660 na GTX 1660 Super si kadi moja, na RTX 3050 ya GB 6 si ile ya GB 8.

Ngazi ya kwanza ni ile isiyo na kadi kabisa. Ryzen 5 5600G ya AMD, kwa mfano, ina sehemu ya picha ndani ya prosesa, na itacheza eFootball, Valorant na GTA V kwa mipangilio ya wastani. Kwa mzazi anayemnunulia mtoto wa sekondari mashine ya masomo na gemu kidogo, huu ndio ununuzi wenye akili, ilimradi madabodi ina nafasi ya kuweka kadi baadaye.

Ngazi ya pili ni kadi zinazokula umeme wa madabodi peke yake bila waya wa ziada. Nafasi ya kadi kwenye madabodi inatoa hadi wati 75, na humo wanaingia GTX 1050 Ti, matoleo mengi ya GTX 1650, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 ikiwa na wati 70. Kwa maoni yangu hii ya mwisho ndiyo kadi inayodharauliwa kuliko zote huku kwetu. Haina mbwembwe, haichemki sana, na haidai pawasaplai kubwa.

Ngazi ya tatu ndiyo ya mcheza gemu hasa: GTX 1660 Super (wati 125), RX 6600 (132), RTX 4060 (115), RTX 3060 ya GB 12 (170). Kwa 1080p yoyote kati ya hizi tatu za mwisho itakuvusha miaka kadhaa. Zaidi ya hapo unalipia 4K, picha kali kuliko 1080p, na nyumba isiyo na skrini ya 4K haina sababu.

Kwenye kadi za mtumba kuna mambo mawili. Kwanza, uchimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, kwa kadi za picha ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zilimwagika sokoni, hasa RX 580 na jamii yake. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake na mafuta ya kupozea vimechoka, kwa hiyo bei ishuke. Pili, zipo kadi zilizochakachuliwa: chipu ya zamani imepachikwa jina jipya ili Windows isome GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z inazikamata nyingi, na inaandika wazi kwamba kadi ni feki. Iweke kwenye fleshi uende nayo dukani.

3. Prosesa: tazama kizazi

Kwenye namba ya Intel, tarakimu zinazofuata i5 au i7 ndizo zinazotaja kizazi. i7-4770 ni ya kizazi cha 4, i5-12400 ni ya 12. Core i3-12100, ambayo muuzaji ataiita ndogo, inaipita i7-4770 kwenye gemu bila jasho. Namba ikiishia na F, kama i5-12400F, prosesa haina sehemu ya picha, na bila kadi hutaona kitu kwenye skrini. Si kasoro, ila ujue: siku kadi ikifa, mashine nzima inalala hadi upate nyingine.

Mpaka wa kuuangalia ni kizazi cha 8 kwa Intel, na Ryzen za mfululizo wa 2000 kwa AMD. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai rasmi prosesa kuanzia hapo pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Fundi atakwambia anaweza kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, na kweli anaweza. Lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) viwe vimewashwa, na mashine ya kulazimishwa isiyo navyo itagoma mlangoni. Kama kijana wako anaishi kwa ajili ya Valorant, hilo peke yake linakata mjadala.

4. Mashine za ofisi zilizovalishwa kadi

Hizi zimejaa, na nazitaja peke yake kwa sababu ndizo zinazouzwa zaidi kama mashine za gemu kwa bei nafuu. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizomaliza kazi maofisini Ulaya au Dubai. Ni mashine imara sana kama mashine za ofisi. Shida inaanza mtu anapotaka kuzikuza.

Zile nyembamba zinakubali kadi fupi tu, za nusu kimo. Pawasaplai zake mara nyingi ziko kati ya wati 180 na 300, na nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenda kwenye madabodi. Kila kampuni ina plagi yake. Maana yake hutaenda dukani kununua pawasaplai ya kawaida ukachomeka. Utatafuta adapta, na kwenye zile nyembamba pawasaplai yenyewe ya kawaida haiingii ndani. Kadi ya wati 75 ndiyo dari yako.

Ukilijua hilo mapema, ni ununuzi mzuri. Chukua ile ndefu ya mnara, kizazi cha 8 kwenda juu, yenye kadi isiyo na waya wa umeme wa ziada, na usidanganyike kwamba mwakani utaitia RTX 3060. Ukikuta OptiPlex nyembamba imewekwa kadi inayotaka waya wa pini 6, na waya huo umetolewa kwenye adapta ya plagi ya diski, iache. Huko ndiko harufu ya plastiki inakoanzia.

5. Pawasaplai: fungua ubavu, soma kibandiko

Hapa ndipo wauzaji wengi wa mashine zilizoungwa hubania pesa, kwa kuwa mnunuzi haioni. Omba ifunguliwe.

"Kaka, naomba tufungue ubavu niione pawasaplai."

"Aah bosi, hii imeshafungwa. Ukifungua waranti inakufa."

"Basi fungua wewe, mimi niangalie tu."

Akikataa hata hapo, umeshapata jibu lako kuhusu pawasaplai. Akikubali, usitazame namba kubwa iliyoandikwa 500W kwa rangi nyekundu. Tafuta jedwali dogo kwenye kibandiko, safu ya +12V, maana kadi na prosesa zinakula huko. Zidisha volti kwa ampea. Ukikuta +12V ina ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama kibandiko kinapiga kelele 500. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 itakuonyesha ampea 38 hadi 41 hivi kwenye safu hiyo, na mara nyingi ina alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme ovyo. Ishike kama inawezekana: pawasaplai nyepesi kama boksi tupu ina vipuri vichache ndani.

Kwa RTX 4060 au RX 6600 na prosesa ya i5, wati 450 hadi 550 za kweli zinatosha na kubaki. Usiruhusu mtu akuuzie 850 kwa sababu namba ni kubwa. Pesa hiyo iende kwenye kadi.

Angalia pia nyuma, jirani na tundu la waya. Baadhi ya mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka, utasikia mlio mmoja tu. Na kama waya wake una plagi ya pini mbili za duara, usitafute adapta ya bei ya soda inayokata ethi; nunua waya wenye plagi ya pini tatu kama ya pasi.

6. Ram na diski

Ram GB 16, iwe vijiti viwili vya 8 kuliko kimoja cha 16, kwa sababu viwili vinafanya kazi sambamba. Kwenye mashine isiyo na kadi, kama ile ya 5600G, tofauti utaiona kwa macho. Bei ya ram imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo mashine yenye GB 16 tayari ndani ina thamani kuliko ilivyokuwa kabla ya hapo. Usiache muuzaji "akupunguzie" kwa kuchomoa kijiti.

Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. GB 500 ni ya kuanzia, TB 1 ndiyo raha, maana gemu mbili tatu kubwa zinakula GB 300. Diski ya zamani ya kuzunguka (HDD) ibaki kwa sinema na picha za harusi.

7. Kasha, vumbi na joto

Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu laini linalopita hata chini ya mlango uliofungwa. Kama unakaa Nala, Nzuguni au mtaa wowote wa barabara ya udongo, kompyuta yako ni mashine ya kuvuta vumbi inayocheza gemu. Kasha lenye kioo mbele na taa, bila matundu, linavutia dukani na kuchemka nyumbani. Unataka uso wa wavu, na nyuma ya wavu huo chujio la kitambaa linalochomoka kwa mkono bila bisibisi. Jaribu kulichomoa palepale dukani. Lile linalohitaji kufungua skrubu sita hutalisafisha, tusidanganyane.

Feni ziwe angalau mbili, moja ikiingiza hewa mbele na moja ikitoa nyuma. Kama kuna tatu, mbili ziingize. Hewa ikiingia nyingi kuliko inayotoka, inajisukuma nje kwenye mianya badala ya vumbi kuvutwa kupitia mianya hiyo hiyo. Kupoza kwa maji sikupendekezi kwa mashine ya i5 huku kwetu: feni kubwa ya kawaida juu ya prosesa inatosha, na ikifa fundi yeyote anaibadilisha.

Chagua mahali pa kuiweka kabla haijafika. Sio sakafuni, sio ndani ya kabati la TV, sio mkabala na dirisha linalopokea upepo. Meza yenye nafasi ya kiganja kizima nyuma ya mashine inatosha. Oktoba na Novemba, chumba cha bati bila dari kinapochemka mchana, cheza usiku. Hakuna feni itakayopoza mashine chini ya joto la hewa inayoivuta.

Kusafisha: kila wiki mbili za kiangazi chomoa chujio, likung'ute nje, lioshe, likauke kabisa. Kila miezi mitatu fungua ubavu, tumia blowa ndogo ya umeme ukiwa nje ya nyumba, na shika kila feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Usiipeleke gereji kupulizwa kwa kompresa. Hewa ile inatoka na maji na mafuta.

8. Umeme wa nyumbani na LUKU

Mashine ya i5 na RTX 4060 pamoja na skrini inakula kama wati 250 ikiwa kwenye gemu. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.75, mwezi ni uniti 22 na ushee. Kwa mteja wa kawaida anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 8,000. Inavumilika. Ila kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi hadi uniti 75 kwa mwezi, fanya hesabu upya. Nyumba inayotumia uniti 60 ikiongeza 22 imevuka, na uniti zinazovuka zinalipiwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi. Nimeona baba akilaumu friji kwa miezi huku kijana akiwa chumbani na Fortnite hadi saa nane za usiku. Hapa ndipo kadi ya wati 70 inapojilipa yenyewe.

UPS, kisanduku cha betri kinachoshika mashine umeme ukikatika, si anasa. Umeme ukikatika ghafla wakati SSD inaandika, unaweza kupoteza gemu uliyohifadhi au Windows yenyewe, na umeme unaporudi huja na mshituko. Namba ya VA kwenye boksi si wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390. Kwa mashine ya wati 250 inatosha kukupa dakika chache za kufunga kila kitu kwa utaratibu, na kazi yake ni hiyo tu. Kwa mashine ya RTX 3060 kwenda juu nunua VA 1000 au 1200. Wapo wanaotumia fridge guard peke yake. Inakinga mshituko, lakini umeme ukienda nayo inakwenda. Na umwonye kila mtu nyumbani kuhusu tundu la UPS: si la pasi, si la jagi la umeme.

Ukigusa kasha la chuma ukahisi ganzi ya umeme vidoleni, usizoee. Ethi ya nyumba haifanyi kazi. Ardhi yetu ikikauka sana inapitisha umeme vibaya, na fimbo ya shaba iliyozikwa kijuujuu wakati wa masika inaweza kuwa haina maana ifikapo Septemba. Mwite fundi umeme aipime na aizamishe zaidi.

9. Wapi pa kununua

Maduka ya katikati ya mji, kati ya Nyerere Square na Majengo, yana faida moja kubwa: ukirudi na tatizo, mtu unamkuta. Wanafunzi wa UDOM na vyuo vingine wanaomaliza masomo huuza mashine zao kabla ya kurudi makwao, na humo hupatikana zilizoungwa kwa mapenzi, boksi zote zipo na bei si ya kibiashara. Muulize kwa nini anauza na uione ikicheza.

Kariakoo ina uchaguzi mpana na bei ya chini, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kwenda asubuhi na kurudi usiku. Mimi ningekwenda mwenyewe. Kutuma M-Pesa kwa akaunti ya Instagram yenye picha nzuri, ukisubiri mzigo uletwe na basi, ni kucheza bahati nasibu. Kama huna budi, lipia mzigo ukifika, au mtume ndugu aliyeko Dar akaone mashine ikiwaka, akupigie kwa video, akusomee jina la kadi kutoka kwenye GPU-Z.

Mzigo ukija kwa basi, kilomita 450 hivi za kutikisika, kadi nzito iliyoning'inia kwenye madabodi inaweza kuvunja nafasi yake. Sisitiza kadi ichomolewe isafirishwe kwenye boksi lake, au ndani ya kasha kujazwe sponji ili isicheze. Mashine ilale kwa ubavu, madabodi ikiwa chini. Boksi la televisheni lililojazwa nguo kuukuu linafanya kazi nzuri kuliko boksi jipya tupu.

Dai risiti ya EFD yenye jina la kadi, prosesa, ram na muda wa waranti. Risiti iliyoandikwa "kompyuta 1" haitakusaidia siku kadi ikizima mwezi wa pili.

10. Jaribio la dukani

Tenga saa nzima, usiende duka likikaribia kufungwa. Fuata mpangilio huu:

Kwanza hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye madabodi. Matundu ya kadi yamelala, yapo chini. Ya madabodi yapo juu, jirani na ya kibodi. Hata nyumbani, malalamiko mengi ya "kadi mpya haifanyi kitu" yanaishia kwenye waya huu.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji. Soma prosesa, ram (pamoja na idadi ya vijiti), diski na kadi. Fungua GPU-Z kwa kadi, na CrystalDiskInfo kwa diski; ya pili inaonyesha diski imewashwa saa ngapi na afya yake ni asilimia ngapi. Mashine inayoitwa mpya yenye diski ya saa 9,000 inajieleza.

Kisha icheze. Gemu halisi, dakika 30, si picha ya mezani. Weka macho kwenye joto: kadi ikipita nyuzi 85 au prosesa ikipita 90 ndani ya duka lenye kiyoyozi, fikiria chumba chako cha Novemba. Sikiliza feni. Weka mkono nyuma ya pawasaplai. Hewa ya vuguvugu ni sawa, harufu ya kuungua si sawa. Mashine ikijizima yenyewe katikati ya gemu bila ujumbe wowote, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai, na jibu la "ni Windows tu hiyo, nitaipiga upya" usilikubali.

11. Wiki ya kwanza nyumbani

Usitupe boksi wala karatasi. Cheza kwa nguvu wiki hii, gemu nzito zaidi ulizonazo, kila siku, maana kifaa kibovu hujionyesha mapema na waranti nyingi za maduka ni fupi. Weka dereva za kadi (programu zinazoiendesha) kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD yenyewe.

Gemu zenyewe ndizo zitakazomaliza bando. GB 100 kwa bando la simu ni mshahara, kwa hiyo kama nyumba haina faiba, tafuta rafiki mwenye nayo uende na diski ya nje. Steam inaruhusu kunakili gemu iliyoshushwa tayari kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikiwa kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, bila kuishusha upya. Utashusha masasisho tu. Kwa gemu za mtandaoni, chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi inayopita kuta mbili za tofali. Na ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi kwenye seva) ikiwa juu kwa sababu seva iko nje ya bara, hakuna kadi ya picha itakayoishusha, kwa hiyo usirudi dukani kumgombeza muuzaji kwa hilo.